Rangi Juu ya Rangi: Maandishi ya Biashara Mtwara na Mwambao wa Ruvuma

Ukuta wa duka unaotazama barabara ya Mikindani unasomeka kama kitabu, ila kurasa zake zimelaliana. Kusi ikishaupiga miaka mitano sita, chumvi ya bahari huingia chini ya rangi, rangi ikavimba, ikapasuka, ikaanza kubanduka kama magamba ya samaki. Chini ya wekundu wa kampuni moja ya simu unatokea unjano wa kampuni iliyotangulia, chini ya unjano kuna buluu, na chini ya buluu kuna chokaa yenye mabaki ya herufi nyeusi zilizochorwa kwa brashi: KA LA REJ. Duka la rejareja. Aliyeandika hivyo alikuwa fundi wa mtaani na aliyemlipa alikuwa mwenye duka. Matabaka yote yaliyofuata yalilipiwa na watu ambao hawajawahi kununua hata kiberiti pale dukani.

Pwani hii haikuwa ya watu wa kujitangaza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee, na kwa muda mrefu msemo huo ulikuwa kanuni ya biashara, si urembo wa maneno. Mfanyabiashara wa Mikindani wa karne ya 19 hakuhitaji kibao cha jina. Alikuwa na mlango. Mbao zilizochongwa nakshi, misumari ya shaba na unene wa fremu vilimwambia mgeni kila alichotaka kujua: humu kuna mali, mwenye nyumba anakopesheka, ingia kwa adabu. Fundi seremala ndiye aliyekuwa mchora mabango wa zama hizo, ingawa hakuna aliyemwita hivyo.

Baharini kulikuwa na bendera. Chombo kilichokaribia ghuba kilijulikana kwanza kwa tanga lake na namna omo yake ilivyokatwa, kisha kwa kitambaa kilichopepea nyuma, na kitambaa hicho kilikuwa na uzito kuliko maandishi yoyote. Majahazi mengi ya watu wa Sur, Omani, yalipata vibali vya kupeperusha bendera ya Ufaransa, kwa sababu Ufaransa haikukubali meli za doria za Waingereza zipekue vyombo vilivyokuwa chini ya bendera yake. Nahodha mwenye shehena asiyotaka ionekane, na katika maji haya shehena hiyo mara nyingi ilikuwa watu, alijua thamani ya kile kipande cha nguo. Ugomvi ulifika kwenye mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na hukumu ikatolewa tarehe 8 Agosti 1905. Nadhani ni mara chache alama ya chombo cha biashara cha bahari yetu kujadiliwa na majaji wa Ulaya kwa makini kiasi hicho.

David Livingstone alishuka Mikindani tarehe 24 Machi 1866, baada ya kushindwa kupata njia nzuri ya kuingilia mdomo wa Ruvuma. Alikaa kama majuma mawili akaelekea bara, na hakurudi tena pwani akiwa hai. Leo, kwenye nyumba moja ya mji mkongwe yenye mlango mzuri wa nakshi, kuna kibao kinachosema kwamba inasadikiwa alikaa humo. Neno "inasadikiwa" limebeba kazi nzito. Kibao hicho kimewaleta watalii Mikindani miaka mingi, na kwa kipimo hicho huenda ndicho tangazo lililodumu kuliko yote mjini.

Maandishi yalikuwepo, bila shaka, ila yalikuwa ya aina nyingine. Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu: barua, hati za madeni, hirizi, na baadaye hata kanga, ambazo majina yake ya kwanza yalichapwa kwa hati hiyo kabla ya kuhamia herufi tunazosoma leo. Wajerumani walijenga boma lao juu ya Mikindani mwaka 1895, jengo jeupe lililoonekana toka mbali baharini, na kwa namna fulani lenyewe lilikuwa bango la serikali mpya. Shule zao zilifundisha herufi za Kilatini, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 aliyetaka kazi ya ukarani alilazimika kuzijua. Mtu aliyekuwa msomi kwa hati ya Kiarabu aliamka siku moja akiwa hajui kusoma, machoni pa ofisi. Vibao vyote vya biashara tunavyoviona leo vimezaliwa na uamuzi ule.

Mwaka 1906 mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alizunguka nchi ya kusini, kutoka Lindi hadi Masasi, Newala na uwanda wa Wamakonde. Miongoni mwa mambo aliyofanya ni kugawa penseli na karatasi kwa wapagazi na wanavijiji, akawaomba wachore chochote. Walichora wanyama, askari, ngoma. Mmoja alichora meli ya pwani iliyoitwa Rufiji. Aliona pia michoro kwenye kuta za udongo za nyumba. Naitaja safari hiyo kwa sababu kuna dhana kwamba kuchora ukuta kulikuja na soda na simu. Huku kusini mkono wa kuchora ukuta ulikuwepo kabla ya kuwa na bidhaa ya kuchorewa.

Mtwara yenyewe ni mji wa juzi, na ulizaliwa na karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya Nachingwea ikahitajika bandari ya kina kirefu na reli. Mahali palipochaguliwa ni penye ghuba ya Mtwara, karibu tupu wakati ule, mwendo wa kilometa kumi hivi kutoka Mikindani. Mradi ulifutwa Januari 1951, ukiwa umemeza pauni milioni 36, lakini bandari ilikuwa imeshaanza na ikamalizwa mwaka 1954, ikabaki inasubiri mizigo isiyokuja. Reli ilifungwa na kung'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Kilichobaki ni barabara pana mno, zilizopimwa kwa ajili ya mji mkubwa ambao haukufika. Mgeni akija Mtwara huuliza kwa nini maduka yako mbali na barabara hivi. Mchora vibao haulizi. Yeye alijifunza zamani kwamba hapa herufi lazima ziwe kubwa, maana msomaji yuko ng'ambo.

Korosho ndiyo iliyojaza pengo la karanga. Msimu wa 1973/74 nchi nzima ilipata tani zipatazo 145,000, nyingi zikitoka huku, halafu vijiji vikahamishwa, watu wakaacha mikorosho yao nyuma, ubwiriunga ukaingia, bei ikawa duni, na kufikia 1986/87 mavuno yakawa chini ya tani 20,000. Katika miaka hiyo vibao vya mjini vilikuwa vya mashirika. Kampuni ya biashara ya mkoa, kiwanda cha korosho, mabasi ya KAMATA, ushirika hadi ulipovunjwa mwaka 1976. Kibao cha shirika hakibembelezi mtu. Kinataja jina, sanduku la posta, basi. Hakuna "karibu", hakuna "bei poa", kwa kuwa mteja hana pengine pa kwenda. Rangi yenyewe, kama sabuni na sukari, ilikuwa kitu cha kutafutwa, na aliyepata kopo la rangi ya mafuta aliandika herufi nyembamba.

Katika miaka hiyohiyo mtu wa kusini alikuwa ameipa rangi ya kopo jina duniani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, akaondoka kijana kwenda kutafuta kazi mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha Dar es Salaam. Mnamo 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mraba vya ubao wa dari, akaviuza Oysterbay, penye duka la Morogoro Stores. Polisi walimpiga risasi kwa makosa mwaka 1972 wakidhani gari alilokuwamo ni la wahalifu. Waliomfuata, akina Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu na Kasper Tedo, wengi walikuwa ndugu na jamaa wa upande huuhuu wa kusini. Wahakiki wameandika mengi juu ya asili ya sanaa hiyo. Mimi huangalia vifaa tu: rangi ya mafuta inayong'aa, ubao wa bei nafuu, mstari mweusi wa kuzungushia, na rangi bapa isiyo na kivuli ili kitu kionekane toka mbali. Fundi yeyote wa vibao wa Masasi au Mtwara angevitambua vifaa hivyo kuwa vyake. Picha zile zilipata ukumbi wa maonyesho, ila kibao cha kinyozi kilibaki kwenye jua.

Mwandiko wa fundi una taratibu zake. Kwanza ubao au bati hupigwa rangi ya chini mara mbili na kuachwa siku nzima. Kisha fundi hupaka uzi chaki, humkabidhi kijana ncha moja, huuvuta ukakaza na kuudunda katikati: mstari mweupe hujichapa ulionyooka kuliko rula yoyote. Mistari miwili ni dari na sakafu ya herufi. Halafu anahesabu. Fundi aliyeiva huhesabu herufi za neno zima pamoja na nafasi, hugawa kwa mbili, huanza kuchora kutoka katikati kwenda pembeni. Asiyeiva huanza kushoto kwa moyo mkunjufu, herufi nene zenye afya, mpaka anapogundua kwamba VINYWAJI BARIDI haienei, na IDI ya mwisho inabidi ibanwe ukingoni kama abiria wa mwisho wa daladala. Vibao vya namna hiyo vimejaa, na huwa navipenda kuliko vilivyonyooka. Herufi ngumu kuliko zote ni S. Nimewahi kumsikia mama mwenye mgahawa akimwambia fundi, "Mwanangu, hiyo S mbona kama imechoka?" Kijana akajibu bila kugeuka, "Ndiyo inapumzika mama, kesho itasimama." Kesho yake aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa akaanza upya.

Tahajia nayo ina habari zake. Fundi huandika kama anavyosikia, na huku watu wengi wamelelewa kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao kabla ya Kiswahili cha shule. Hoteri na hoteli, rejareja na lejaleja, saluni yenye L mbili na isiyo nayo. Kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifu Kiswahili kwa kukitegemea Kiunguja, lakini haikupita kukagua mabati ya Chikongola, mjini Mtwara.

Biashara binafsi iliporuhusiwa tena miaka ya 1980, maandishi yalianza kutembea. Daladala zilipewa leseni Dar es Salaam mwaka 1983, na desturi ya kuandika maneno nyuma ya gari ikaenea kila palipofika basi. Kusini ilichelewa kwa sababu ya barabara. Njia ya Mtwara kwenda Dar es Salaam ilikatwa na Rufiji, ikategemea kivuko cha Ndundu, na wakati wa masika basi liliweza kukwama siku kadhaa kwenye tope la Kilwa. Abiria aliyekaa nyuma ya lori lililozama alikuwa na muda mrefu wa kusoma madigadi yake. MWENYE WIVU AJINYONGE. RIZIKI HAINA MJANJA. Maneno hayo hayakuuza bidhaa yoyote. Yalifanya kazi ileile ya kanga: kumtupia jirani neno bila kumtaja. Wanawake wa pwani walikuwa wamelivaa tangazo la maneno kwa miongo mingi kabla ya wenye malori kulibandika bodini.

Daraja juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Lami ilikuja kwa vipande, na kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60, kikawa cha mwisho. Safari ya siku kadhaa ikageuka safari ya mchana mmoja. Mabasi ya kampuni zinazoshindana yakaanza kuja na rangi za bodi nzima, tai, mawingu, majina ya herufi zilizoinama kana kwamba upepo unazisukuma.

Kabla ya hayo, magari yaliyoandikwa vizuri kuliko yote mkoani yalikuwa ya misaada. Finland ilifanya kazi Mtwara na Lindi tangu miradi ya maji ya miaka ya 1970, na toka 1988 ikaendesha mradi wa maendeleo vijijini uliojulikana kwa kifupi RIPS. Milango ya magari ya miradi ilikuwa na nembo zilizokatwa safi, duara kamili, herufi zisizo na alama ya brashi. Watoto wa vijijini walizijua nembo hizo kabla ya kujua bendera za nchi zilizozituma. Vijia vya vijiji navyo vikapata kibao cha chuma kinachoanza kwa maneno yaleyale nchi nzima: mradi huu umefadhiliwa na. Mara nyingine kisima kilikauka, kibao kikabaki kusimama.

Mabadiliko makubwa ya ukuta yaliletwa na soda na kukamilishwa na simu. Kampuni ya soda ilikuja na mapatano ambayo mwenye duka aliyaona ya kirafiki: tunakupa kibao bure, robo tatu yetu, ukanda wa chini wako. Hapo ndipo jina la duka lilipohamia chini, likawa dogo kuliko chupa. Halafu Vodacom ilianza mwaka 2000, Celtel mwaka uliofuata, Mobitel ikapitia jina la Buzz na kuwa Tigo. Hizi hazikutaka kibao, zilitaka ukuta mzima na pazia la mlango pia. Vodacom iliacha buluu ikawa nyekundu mwaka 2011. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010. Halotel iliingia 2015 na rangi ya chungwa. Tigo nayo ikageuka Yas mwishoni mwa 2024. Maamuzi hayo yalifanyika Kuwait, New Delhi, London, na kila uamuzi ulimshusha kijana wa Mtwara kwenye ngazi na ndoo ya rangi, akipaka ukuta uleule aliopaka miaka miwili nyuma.

Kwa mafundi ile ilikuwa neema yenye mwiba. Kazi zilikuwa nyingi, zililipwa na wakala aliyetoka Dar es Salaam na karatasi ya vipimo, lakini mkono haukutakiwa tena. Nembo iliwekwa kwa kiolezo kilichokatwa tayari, rangi ilikuja imeshachanganywa, na aliyeweza kuchora simba au kinyozi anayetabasamu alilipwa sawa na aliyeweza kujaza rangi ndani ya mstari. Kizuri chajiuza, walisema wazee. Sasa hata nyumba zilijitembeza.

Kisha ikaja gesi. Ilikuwa imegunduliwa Mnazi Bay tangu 1982, ikaanza kuzalisha umeme wa Mtwara miaka ya 2000, na ugunduzi wa bahari kuu baada ya 2010 ukafanya watu waamini kwamba ule mji mkubwa wa karanga hatimaye unafika. Hoteli zilijengwa, viwanja vikapanda bei, vibao vya Kiingereza vikaota mtaa wa Shangani. Serikali ilipotangaza bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, tarehe 27 Desemba 2012 watu waliandamana mjini, na waliobeba mabango hawakwenda kwa fundi yeyote. Karatasi za manila, makasha yaliyopasuliwa, kalamu za wino mzito. GESI HAITOKI. Kiswahili hutumia neno moja, bango, kwa tangazo la kampuni na kwa kilio cha mwandamanaji, na miezi ile Mtwara ilikuwa na yote mawili kwenye barabara moja. Januari na Mei 2013 ghasia ziligharimu maisha na nyumba zikachomwa, jeshi likaingia. Bomba, pamoja na tawi la Songo Songo, lilikuwa na urefu wa kilometa 542, na lilizinduliwa Oktoba 2015. Gesi ilitoka. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshaanguka, kampuni za utafiti zikapunguza watu, na vibao vya nyumba za wageni vikaachwa vipauke.

Mwezi huohuo wa Oktoba 2015 kilizinduliwa kiwanda cha saruji cha Dangote. Malori yake yakaanza kuonekana barabara nzima ya kusini, na mtoto wa Kilwa ambaye hajafika Mtwara akalijua jina la tajiri wa Kano kwa kulisoma likipita. Hilo ndilo gari lililovikwa tangazo katika umbo lake kamili: halihitaji msomaji asimame.

Stika zilifika mjini kwa mlango mdogo zaidi, wa pikipiki. Kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilitoka mwaka 2010, na vijana waliopata fedha za korosho wakanunua. Pikipiki zote zilitoka kiwandani zikifanana. Kilichotofautisha ya Hamisi na ya Juma ni maneno. Mashine ya kukatia ilikuwa jibu: kisu kidogo kinachotembea juu ya karatasi ya plastiki yenye gundi kufuata mstari uliochorwa kwenye kompyuta. Fundi hung'oa plastiki isiyotakiwa kwa ncha ya sindano, hufunika herufi zilizobaki kwa utepe, huhamisha zote kwa pamoja. Kazi ya nusu siku ikawa ya dakika kumi. Mashine za kuchapa picha kubwa zilipofuata, bajaji nzima iliweza kuvikwa sura ya mchezaji wa Simba au wa Yanga, au nembo ya duka la vifaa vya ujenzi.

Huko nje ufundi huu haukuwa wa zamani sana. Ni miaka ya 1990 ndipo basi zima lilipoanza kuvikwa picha iliyochapwa Marekani, na Ujerumani wenye teksi walivika magari plastiki ya rangi ya maziwa ili sheria iridhike na rangi ya asili isiharibike. Kilichobadilika Mtwara ni hali ya hewa. Kuvika bajaji kunataka bodi safi, kavu, isiyo na mafuta. Hapa vumbi jekundu la uwanda hushuka na kila gari, na hewa ya bahari haikauki. Fundi huosha kwa sabuni, hufuta kwa spiriti, hunyunyiza maji yenye povu jepesi ili plastiki iteleze mpaka ikae sawa, kisha husukuma maji nje kwa kipande kigumu cha plastiki kilichofungwa kitambaa, toka katikati kwenda pembeni. Kwenye kona hutumia mashine ya upepo wa moto, plastiki inalainika, inavutika, inajikunja. Pembeni ya kona ndipo ufundi unapojulikana. Akiivuta mno, itajirudisha jua likiipiga, na wiki mbili baadaye ukingo utainuka na kunasa vumbi, na shavu la mchezaji litakuwa na ndevu za udongo.

Mapato ya kazi hii hufuata korosho kama kila kitu. Minada huanza Oktoba. Vyama vikuu MAMCU na TANECU vikishauza na wakulima wakalipwa, hufunguliwa maduka, hununuliwa pikipiki, na hapo fundi halali. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000. Uliofuata serikali ilikataa bei za wanunuzi, ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kusomba. Wakulima wengi walisubiri malipo miezi mirefu. Mtu asiyelipwa korosho haandiki gari.

Kuna kodi pia. Ushuru wa mabango ulikuwa wa halmashauri, mwaka 2017 ukahamishiwa TRA, baadaye ukarudi halmashauri, na katika kuhama kote huko mwenye duka dogo alijifunza jambo moja: kibao kinaonekana na anayetoza kabla ya kuonekana na mteja. Wengine waliving'oa. Na kuna maandishi ambayo hakuna anayeyalipia wala kuyataka. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande, na alama ya X nyekundu ikaanza kutokea kwenye kuta. Imechorwa haraka, bila uzi wa chaki, brashi ikidondosha. Karibu yake mara nyingi utakuta mwandiko mwingine wa haraka, NYUMBA HII HAIUZWI, uliowekwa na familia inayoogopa ndugu wa mbali na matapeli wa karibu.

Upande wa Ruvuma, kuanzia Msangamkuu kwenda Msimbati, stika hazijashinda. Hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000 ina vibao vyake vya chuma, kivuko cha Msangamkuu kina jina lake, MV Mafanikio, safi ubavuni, lakini vyombo vya wavuvi ni mbao, na mbao iliyokalafatiwa na kupakwa mafuta ya sifa haikubali gundi. Namba za usajili lazima zionekane, kwa hiyo lazima ziandikwe.

Ufukweni Msimbati niliona mashua iliyobandikwa namba za stika mjini, nyeupe, zimekatwa vizuri, za kupendeza. Zilikuwa zimekwenda bahari mara mbili. Mbili ya kwanza ilikuwa imejikunja kama jani la muhogo, na sita haikuwepo kabisa. Nahodha alizing'oa zilizobaki kwa kisu cha kupalia samaki, akamwita mpwawe alete kopo lililokuwa chini ya mnazi. Rangi ilikuwa nyekundu, imefanya utando juu. Aliutoboa kwa kijiti, akakoroga. Nilimwuliza aliipata wapi, akasema ilibaki kijana alipomaliza kupaka lile duka la simu pale njia panda. Hakutumia uzi. Alipima kwa kiganja, kiganja kimoja kila namba, akaanza kutoka katikati.